Shangazi Kaja

Binti yangu alifika Jumamosi asubuhi na maboksi 30, tepu pana na kalamu nene ya wino mweusi. Alisimama mlangoni mwa chumba changu, akalitazama kabati, akasema, "Mama, tuanze na nguo. Ambayo hujaivaa mwaka mzima tunaitoa." Nikamwambia sawa. Kabati halikutuchukua hata saa moja: makoti mawili ya baridi, magauni, sare za kazi, na khanga nilizozikunja doti kwa doti na karafuu katikati yake. Kisha akavuta ngazi ya darini.

Nyumba zetu za Belair, hapa Bowie, Marekani, hazina chumba cha chini. Kampuni ya Levitt ilinunua shamba la Belair mwaka 1957, ikaanza kuuza nyumba mwaka 1960, na ilizisimamisha juu ya sakafu ya zege. Kwa hiyo kila kisichotumika hupanda juu. Mitaa imepangwa kwa herufi, upande huu majina yanaanza na K, upande ule na S. Nilipohamia mwaka 2003 niliizoea upesi, kwa kuwa nimekulia Ngamiani, Tanga, ambako barabara zinaitwa kwa namba. Miaka ya mwanzo mtu mweusi hakuuziwa nyumba hizi. Watu waliandamana hapa hapa mwaka 1963, na sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi huo ikaja mwaka 1968. Leo wengi wa wakazi wa Bowie ni weusi. Sasa magoti yangu hayataki ngazi tena, nahamia fleti ya vyumba viwili, na fleti haina dari.

Tulikuta mabegi matatu ya shangazi kaja, yale ya miraba ya bluu na nyekundu, zipu zimefungwa na kamba imepigwa juu yake. Binti akafungua la kwanza. Mashati meupe ya shule, pini bado ziko kwenye kola. Soksi. Gauni la maua na karatasi yake ya bei. Viatu vyeusi vya mtoto. Vyote vipya, na hakuna hata kimoja kilichokuwa changu.

"Za nani hizi?"

Nilikaa juu ya boksi nikakumbuka mmoja mmoja. Mashati ni ya mtoto wa kaka yangu. Gauni la wifi. Sweta la kijani ni la baba, aliyehamia Lushoto uzeeni na kulalamikia baridi yake kila barua. Alifariki mwaka 2001. Nilinunua kimoja kimoja kila mshahara ulipotoka, nikingoja safari yangu au ya mtu mwingine anayekwenda. Safari ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mara karatasi za uhamiaji hazijatoka, mara nauli imekwenda kwenye ada ya shule ya mtu, mara sina wa kunishikia zamu.

Ndani ya kiatu kimoja mlikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Niliifungua. Unyayo wa kulia wa mtoto, umezungushiwa kalamu ya risasi taratibu. Kwenye kidole gumba mstari umeruka, nadhani alitekenyeka akacheka. Pembeni kaka yangu ameandika Machi 1994, na chini yake: "Acha nafasi kidogo, anakua."

Ndivyo tulivyokuwa tunapimana. Kiuno cha mtu kilikuja kama uzi wenye fundo ndani ya bahasha. Simu ilikuwa ya kadi, na dakika ziliisha kabla hatujamaliza kuulizana hali. Nani angezitumia kuulizia namba ya kiatu? Nilikwenda na ile karatasi dukani, nikaitumbukiza kwenye kiatu kimoja baada ya kingine, nikaongeza upana wa kidole changu. Muuzaji alikuwa ananitazama, nami sikujali.

Watoto wetu wanaona tumelimbikiza tu. Nataka wajue tulikotoka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 maduka ya kwetu yalikauka. Mama aliniamsha alfajiri nikapange foleni ya duka la serikali, RTC, kwa sababu ya doti moja ya khanga, na doti ikikatwa, kipande chake, kipande changu. Mitumba tuliiita kafa Ulaya, na ilikuja kwa wingi baada ya serikali kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984. Mtu aliyekulia hivyo ukimwingiza katika duka la Marekani, mashati marefu kwa mafupi yamening'inia mpaka mwisho wa macho, haununulii mwili wake. Anahesabu watu. Sisi tuliofika huku miaka ya 80 na 90 hatukujua kununua shati moja. Kila chumba cha kupanga nilichoingia, Hyattsville, Langley Park, Lanham, nyuma ya mlango palikuwa na begi linalojazwa pole pole. Ikisikika fulani anasafiri, sebule yake ilifurika vifurushi usiku wa mwisho, na mwenye safari akining'iniza begi kwenye mizani ya ndoano, akitoa, akirudisha. Zamani zilikuwa kilo 32 kwa kila begi, mabegi mawili. Sasa ni 23. Gramu zikibaki tulichomeka hata sabuni. Kurudisha nafasi tupu ilikuwa haya.

Lakini lipo jambo ambalo nimelikiri pale darini. Nguo zilikuwa namna yetu ya kusema tunakuja, na baada ya kuzinunua tulijisikia kama tumeshafika. Mwaka 2009, nilipokwenda kweli, nilitoka nje ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam nikimtafuta yule mtoto wa kaka. Kijana wa miaka 21 alikuwa amesimama mbele yangu anataka kunipokea mkokoteni, nami nikamwambia asante, nina mwenyeji. Mimi shangazi yake! Mguu niliokuwa nao kichwani ni ule wa karatasi.

Siku mbili baadaye alinipeleka Karume, Ilala. Katika meza za mitumba niliona mashati ya chapa ile ile niliyokuwa nimembebea, masafi, kwa bei ya soda chache. "Hizi zinashuka kila wiki, shangazi," akasema. Hakukusudia kuniumiza. Kwa hiyo binti aliposema tuyapeleke mabegi kwenye lile sanduku la chuma la kutolea nguo, kule kwenye maegesho, nilikataa. Nguo nyingi za masanduku hayo huuzwa kwa uzito, hufungwa mabelo, na nyingine huvuka bahari mpaka Mombasa na Dar. Marais wa Afrika Mashariki waliazimia mwaka 2016 kuikomesha mitumba ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru, na Rwanda peke yake ikashikilia msimamo hadi nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo mwaka 2018. Mimi ni mtoto wa enzi ya kiwanda chetu cha nguo cha Urafiki. Moyo wangu uko na Rwanda. Na sitaki sweta la baba lifike nyumbani ndani ya belo, halina jina la mtu.

Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakurudia kanuni yake ya mwaka mmoja. Mashati na soksi tulizitenga zipelekwe kwa familia za wakimbizi zinazofika huku bila kitu. Watoto wao wapo, miguu yao tunaiona. Akaniuliza kuhusu viatu. Mtoto wa kaka sasa ana wa kwake wa kiume, anaanza darasa la kwanza Januari, na safari hii nimekwisha kukata tiketi.

Tulishusha begi moja, tumelijaza vyote vilivyobaki katika yale matatu. Sweta, khanga doti mbili, viatu vyeusi na karatasi yake ndani. Binti akaandika TANGA juu ya kipande cha tepu kwa ile kalamu nene, akakibandika, kisha akaenda kuitafuta mizani ya ndoano kwenye droo ya jikoni. Tukainua pamoja. Kilo 21.

"Nifunge zipu?"

Nikamwambia angoje, zimebaki mbili.