Alama ya kuuliza katika Kiingereza



Sisi wa kalasi ya tano tumeona kama alama hii ndogo inatusumbua kuliko maneno marefu ya kamusi. Sababu moja iko katika lugha yetu wenyewe. Mwenzetu anaandikia yaya yake nyumbani: "Baba ametuma feza ya masomo?" Maneno ni yale yale ya kutoa habari, sauti tu ndiyo inapanda. Juu ya karatasi sauti haiko, alama inashika pahali pake. Akiisahau, yaya atafurahi kusikia kama feza imekwisha kutumwa, hatafuata kitu, na mwenzetu atafukuzwa kalasi kwa sababu ya minerval.

Waingereza wao wanageuza maneno. "He is at home" ni habari, "Is he at home?" ni swali. Ao wanatia "do" mbele: "Do you understand?" Kwa hiyo msomaji anajua tangu mwanzo kama anaulizwa, na wengine wetu wanafikiri alama ile ni pambo tu. Hapana. Waingereza wanasema pia "He is at home?" bila kugeuza kitu, wakishangaa ao wakitaka hakika. Hapo alama inafanya kazi yote peke yake, sawa vile kwetu.

Lakini pahali tunapopoteza pointi mingi ni swali linalosimuliwa. "Where does he live?" iko na alama. "She asked where he lived" inamalizika na nukta, hata kama neno "where" liko ndani, kwa sababu sentensi nzima inatoa habari ya mtu aliyeuliza. Vilevile "I wonder if it is true". Tukiona "where", "when" ao "why", mkono unakimbia kutia alama mbele kichwa hakijafikiri!

Kifaransa nacho kinatuvuta. Kinaacha nafasi kidogo mbele ya alama, Kiingereza kinaibandika na neno la mwisho. Tena Kifaransa kiko na "n'est-ce pas" moja kwa watu wote, sawa "sivyo?" yetu. Kiingereza kinabadilisha kila mara: "You are ready, aren't you?", "He works here, doesn't he?" (Nani alifikiria kutesa watu namna hii?) Heri alama ya mwisho haibadiliki, na nukta haiifuati.

Tunaacha hapa sentensi tatu bila alama ya mwisho. Kila mtu atie ya kwake, kisha tubishane saa ya kupumzika: "Why did the boat leave early", "Tell me why the boat left early", "The boat has left". Ile ya tatu, mwulize kwanza nani anaisema.