Barua kutoka Calgary: Hesabuni Taa, Msihesabu Ghorofa

Ndugu zangu wa Kitengela, Isinya na Kajiado mjini,

Salamu kutoka Calgary, Kanada, ambako wiki hii baridi imefika nyuzi 24 chini ya sufuri na pumzi ya mtu inaganda kwenye kope. Nilitaka kuwaandikia habari za theluji, lakini shemeji amenitumia video. Amesimama juu ya paa la ghorofa ya nne hapo Kitengela, anazungusha simu pole pole: Milimani kule, Yukos huku, barabara ya Namanga katikati na malori yake. "Tazama mji ulivyokua!" anasema, na sauti yake imejaa furaha hata nami nikafurahi. Saa moja baadaye ukaja ujumbe wa dada, kutoka jengo hilo hilo. Lori la maji halijafika tangu Jumatano, wapangaji wawili wamehama, nikiweza nitume chochote.

Usiku huo sikulala. Nilizisoma jumbe hizo mbili tena na tena.

Ninapoishi mimi palikuwa ofisi. Bei ya mafuta ilipoanguka kuanzia 2014, kampuni za hapa zilipunguza watu, na minara ya katikati ya mji ikabaki mitupu. Ilifika mahali karibu theluthi moja ya nafasi za ofisi haina mtu, na jioni pale palikuwa kama shule wakati wa likizo. Mwaka 2021 jiji likaanzisha mpango wa kuwapa wenye majengo ruzuku ya dola 75 za Kanada kwa kila futi ya mraba ya ofisi watakayoigeuza kuwa makazi. Shabaha ni kuondoa futi milioni 6 za ofisi kufikia 2031. Sasa kuna vigari vya watoto kwenye lifti zilizokuwa za mawakili na wahandisi wa mafuta.

Kazi inayowatoa mafundi jasho katika kugeuza huko ni mabomba. Jengo la ofisi lina vyoo vilivyokusanywa pamoja karibu na lifti. Ukitaka familia kumi zikae kwenye sakafu moja, lazima utoboe zege kwa ajili ya kila jiko na kila choo, maji yaingie na machafu yatoke. Hapo ndipo hujulikana iwapo jengo linafaa au halifai, kabla ya mtu kuwaza rangi ya ukuta.

Na hesabu ya nyumba huku ni ya namna hiyo hiyo. Shirika la taifa la nyumba, CMHC, huiandika nyumba hatua kwa hatua: msingi ukimwagwa, nyumba imeanzwa, ujenzi ukiisha, imekamilika, na katika miji mikubwa huendelea kuifuata hadi ipate mwenyewe. Kila Oktoba huuliza ni nyumba ngapi za kupanga zilizo tupu na kodi ni kiasi gani. Mwaka 2023 Calgary ilikuwa na 1.4 tu katika kila 100, na kodi ilipaa kiasi cha kuumiza. Nao hawahesabu majengo, wanahesabu milango. Cornerstone, jengo la ofisi la ghorofa kumi lililofunguliwa kama makazi mwaka 2024, ni nyumba 112. Hadi 2019 jiji lilituma watu mlango kwa mlango kila mwaka, mtaa kwa mtaa, kuuliza wanaishi wangapi.

Kwetu tunahesabu ghorofa. Jamani, ninyi watu wangu! Mgeni hajamaliza chai, ameshapandishwa ngazi kuonyeshwa vyuma vilivyochomoza juu ya paa: "Hapa itakuja ya tano." Nimepandishwa ngazi hizo mara nyingi, na sijawahi kuonyeshwa tangi la maji kwa fahari ya namna hiyo.

Simbezi aliyejenga. Kitengela wazee walipaita Noonkopir, kituo kidogo tu, kisha EPZ ya Athi River, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, ikaanzishwa miaka ya 1990 na wafanyakazi wake wakahitaji vyumba vya bei wanayoiweza. Waliojenga vyumba hivyo waliwasitiri watu ambao hakuna aliyekuwa amewapangia. Sensa ya 2009 ilikuta watu 58,167 Kitengela. Ya 2019 ikakuta 154,436, wakati Kajiado mjini, kwenye makao makuu ya kaunti, walikuwa 24,678. Sensa nyingine ni 2029. Miaka kumi yote hiyo mji unapimwa kwa macho ya madalali, na macho ya dalali hayaoni bomba. Huo ni uzembe wetu, ndugu zangu, na wanaoulipia ni akina mama wenye mitungi.

Hesabu ina kutoa pia. Nyumbu waliozoea kuvuka kutoka mbuga ya Nairobi wakati wa mvua wanakutana na ua baada ya ua, na kuanzia 2000 kulikuwa na wafugaji waliolipwa dola 4 kwa eka kwa mwaka ili waiache ardhi wazi. Nani ameandika eka zilizofungwa?

Sasa nisikilizeni. Anayetaka kununua au kujenga aende kwenye mtaa huo Jumamosi jioni, watu wanapofua, afungue bomba. Asiende Jumanne asubuhi na dalali. Aulize choo kinakwenda wapi, na lori la kunyonya huja mara ngapi na kwa pesa ngapi. Mwenye ploti awe na daftari: vyumba vilivyoisha, vyenye watu, na vilikaa vitupu miezi mingapi. Ninyi mnaotumiwa pesa na walio nje, tumeni picha ya mabomba kabla ya zege kumwagwa, pamoja na ramani yenye muhuri wa kaunti. Na mitaa iungane. Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, msiende na malalamiko matupu. Nendeni na karatasi: mtaa wetu una milango kadhaa, yenye watu ni kadhaa, yenye maji ya bomba ni kadhaa. Afisa anaweza kulipuuza lalamiko. Karatasi yenye hesabu ya mtaa mzima na sahihi za wenyewe itamsumbua.

Shemeji, ya tano sitaichangia. Nitachangia tangi na bomba la dada, na pesa zitatoka mwisho wa mwezi. Lakini kwanza nifanyie jambo moja. Jumamosi saa mbili usiku panda tena kwenye paa hilo hilo, zungusha simu pole pole, na safari hii hesabu madirisha yenye taa. Huku itakuwa saa nne asubuhi, nitakuwa nimeamka, na kalamu iko mkononi.