Trekta Kuukuu na Zana Mpya

Mtu anunuaye kiatu kwa kukitazama dirishani, pasipo kujua kadiri ya mguu wake, hununua maumivu. Ndivyo ilivyo kwa zana na trekta. Nataka, msomaji wangu, tulipime pamoja jambo hili, kwa kuwa ndani yake mna fedha za watu na uhai wa watu.

Nafundisha hesabu katika shule moja ya Migori. Shule yetu ina trekta la Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1964. Matrekta ya namna hii ungali ukiyaona njiani kutoka Migori, kupita Awendo na Rongo, hadi Homa Bay. Mvua za masika zilipokwisha, nyasi za uwanja wetu zilifika magotini, na wazazi wakachanga fedha za kununua mashine ya kufyekea, ifungwayo nyuma ya trekta. Mwuzaji alitusifia iliyo pana, ya futi 7.

"Mwalimu," mzazi mmoja aliniuliza, "trekta letu litaiweza?"

"Mzee," nilimjibu, "hesabu haisemi mpaka ipewe vipimo. Nipe siku mbili."

Kipimo cha kwanza ni nguvu. Injini ya trekta hilo, ilipokuwa mpya, ilitoa nguvu za farasi zipatazo 45. Lakini zilizofika kwenye shafti ya nyuma, izungushayo zana, zilikuwa kama 38 tu. Fundi wetu alikadiria nguvu 5 kwa kila futi ya upana. Basi futi 7 zadai 35, na akiba ni 3. Akiba hiyo ni ya karatasi: uzee wa injini huila, na matete mabichi hayana huruma. Futi 5 zadai 25.

Kipimo cha pili ni uzito. Zana iliyoinuliwa nyuma ni kama mtoto mnene aliyekalia ncha ya pembea ya ubao. Magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani hukosa utii. Kwa sababu hiyo wakulima wenye busara hufunga vyuma vizito mbele ya trekta.

Kipimo cha tatu wengi hukisahau, nacho ni klachi. Matrekta mawili ya 135 yaweza kufanana kwa rangi, yakatofautiana humo. Lenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga nusu, magurudumu husimama na shafti ikaendelea. Letu lina hatua moja, na shafti hupata mwendo kwa giaboksi ileile iendeshayo magurudumu. Visu vizito vikishashika kasi havisimami mara moja. Dereva hukanyaga klachi, injini ikatengwa. Lakini visu huzungusha shafti, shafti huzungusha giaboksi, na trekta likasonga mbele likisukumwa na zana yake lenyewe. Fikiri ua ulio mbele yake. Fikiri watoto wachezao karibu na ua huo.

Tiba yake ni kiungo kidogo cha chuma katika shafti, kifanyacho kazi kama gurudumu la nyuma la baiskeli. Wewe huacha kukanyaga pedali, gurudumu likaendelea peke yake bila kukusukuma miguu. Kadhalika visu huzunguka mpaka vichoke, trekta likiwa limesimama.

Katika Kanada watu hufunga nyuma ya matrekta makuukuu mashine ya kurusha theluji, nao hupima mambo hayo hayo. Theluji na matete ni mbali, lakini chuma hakibadili tabia kwa kuvuka bahari.

Tulinunua ya futi 5, pamoja na kiungo kile na vyuma vya mbele. Uchaguzi huo una gharama yake. Uwanja wenye upana wa mita 63, ambao mashine pana ingeumaliza kwa mapito 30, sasa wadai 42. Wako walionung'unika. Mzee yule aliwauliza, "Mapito 12 na mtoto mmoja, kipi ghali?" Hakuna aliyejibu.

Limebaki neno moja kwako, kijana. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika. Gawanya kwa 60, utapata 9 kwa sekunde. Nguo ikinaswa, imekwisha kuvingirishwa kabla kinywa hakijatamka "Simamisha!" Kifuniko chake kisiondolewe, wala usiikaribie inapozunguka. Kamba hukatikia pembamba. Atafutaye pembamba kwa kipimo, kabla ya kazi kuanza, huokoa kamba na mzigo.