Kabla Hamjampa Mpiga Picha Kianzio

Napiga picha za harusi mjini Morogoro. Maharusi wengi wanaokuja kwangu huanza kwa kuuliza bei, kisha aina ya kamera, kisha wananionyesha kwenye simu picha za harusi ya Dar es Salaam au Lagos na kusema wanataka kama zile. Yote hayo ni haki yao. Lakini swali lenye uzito kuliko yote huulizwa na wachache: huyu tunayemkabidhi siku yetu atawajuaje watu wetu?

Picha za harusi huku kwetu ni mali ya ukoo. Maharusi wanalipa, au kamati inalipa kwa niaba yao, ila wenye kuzihitaji ni wengi, na wengine hawajazaliwa. Anayeajiri mpiga picha bila kulifikiria hilo atapata picha nzuri za shela na keki, basi.

Mimi ni Mluguru kwa sababu mama yangu ni Mluguru. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika ndoa ya mpwa wake. Harusi ya binti wa Matombo au Kinole huko milimani inaweza kufanyika ukumbini Kihonda, hapa mjini, kwa keki ya ngazi tano na taa za kila rangi, lakini kama mjomba hajaridhia, wazee hawatulii. Sasa mtazame ukumbini amekaa wapi. Meza za mbele zina wakubwa wa kazini kwa bwana harusi, wanakamati waliochanga zaidi, na wasimamizi. Mjomba ameteremka mlimani kwa gari la alfajiri, amevaa koti lake la heshima, amekaa meza ya pembeni karibu na mlango, kofia yake juu ya goti. Mshereheshaji akiuita upande wa mama, atasimama, atasogea taratibu hadi kwa maharusi, atamwekea mpwa wake mkono kichwani na kumwambia maneno mawili sikioni. Haifiki dakika. Mpiga picha asiyemjua huo ndio muda anaobadilishia betri.

Kazi inayoniletea watu mlangoni usiku ni kukuza picha ya marehemu. Picha inayotangulia jeneza mara nyingi imekatwa kutoka picha ya harusi, kwa sababu wazee wengi wa milimani hawasimami mbele ya kamera nzuri ila siku za harusi. Niliwahi kuletewa video nzima ya sherehe iliyopigwa na watu wengine, tukaipitia kipande kwa kipande kumtafuta mjomba wa bibi harusi. Tulimpata mara moja tu, ameinamia sahani ya pilau, nusu ya bega imefichwa na spika. Hiyo ndiyo iliyotumika.

Mafundi wa studio wa enzi ya filamu walikuwa na nidhamu ambayo sisi tumeipoteza. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa na gharama ya kuisafisha. Fundi alilazimika kuuliza kabla ya kubonyeza: mama mzazi ni yupi, mjomba ni yupi, shangazi ni yupi? Leo kadi ndogo inabeba maelfu ya picha, na kwa wingi huo tumeacha kuuliza. Basi ulizaneni ninyi kwa ninyi, mtuandikie. Kaeni na wazazi, andikeni majina ya watu ambao lazima wapatikane, na mteue ndugu mmoja kila upande, anayewajua wazee kwa sura na asiyeona haya kuwaita, ashinde karibu na mpiga picha. Karatasi hiyo ina faida kuliko lenzi yoyote nitakayonunua.

Mnapomchagua mtu, msiridhike na ukurasa wake wa Instagram. Pale kila mmoja anaweka picha zake bora, na nyingi zimepigwa jioni, nje, kwenye mwanga wa bure. Mwombeni awaonyeshe harusi moja nzima, kuanzia saluni hadi zawadi. Angalieni hasa za ukumbini usiku, penye taa za buluu na zambarau zinazobadilika kila sekunde. Angalieni nyuso: je, bwana harusi mweusi ameonekana macho na mashavu, au amebaki suti na meno? Bibi harusi ana rangi yake, au amepaushwa kwa kompyuta hadi mama yake amtambue kwa gauni? Kama hamtaki kubadilishwa rangi ya ngozi, semeni siku ya makubaliano, kwa sababu wapo wanaofanya hivyo wakiamini wanawapendezesha.

Ulizeni pia jina la mtu atakayekuja. Si jina la studio. Siku za harusi ni chache: Wakristo wengi hawafungi ndoa Kwaresima, Waislamu wengi hawafanyi harusi Ramadhani, na masika ya Machi hadi Mei huharibu barabara. Jumamosi zinazobaki zinagombaniwa. Studio yenye jina inaweza kupokea harusi tatu siku moja na kuwatuma vijana ambao hamjawahi kuwaona. Kijana anaweza kuwa fundi mzuri, hilo silikatai, lakini mna haki ya kumjua na kuona kazi yake mwenyewe. Tena msichelewe kumtafuta. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Kwa mpiga picha, siku 21 katika msimu ni kuchelewa.

Kuhusu mlima, sikilizeni mtu wa hapa. Mji wetu umekaa upande wa kaskazini-magharibi wa milima ya Uluguru. Asubuhi jua linachomoza nyuma ya mlima, hivyo mkisimama mlima ukiwa mgongoni, mlima unakuwa kivuli kimoja na nyuso zenu zinakuwa gizani. Kuanzia saa kumi jioni jua limehamia magharibi. Linaipiga Lupanga usoni, kilele cha zaidi ya mita 2,100, na kila kunjo la bonde linaonekana. Saa hiyo simameni Bigwa, au kwenye mawe ya Rock Garden, au kando ya Bwawa la Mindu, mtapata picha ambazo hakuna ukumbi unaoweza kuzitoa. Kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi jua limezama. Ndoa iliyopangwa saa nane mchana inakwisha saa kumi, kwa hiyo mna kama saa mbili na nusu tu za mwanga mzuri. Saluni ikichelewesha saa moja, na msafara wa matarumbeta ukauzunguka mji mzima kabla ya kufika lokesheni, hakuna kitakachobaki ila taa za gari. Mkitaka mlima, pangeni ratiba mkianzia kwenye jua, kisha mrudi nyuma hadi saa ya saluni.

Mkitaka kupanda hadi msituni, mjue kwamba msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kuingia ni kwa kibali na ada. Droni nayo ina taratibu zake za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mji wetu una maeneo ya jeshi ambayo hayapigwi picha kabisa. Mwombeni mwenye droni awaonyeshe vibali vyake kabla ya siku, maana ikikamatwa mbele ya wageni aibu ni yenu nyote.

Kwa ndugu zangu Waislamu nina neno la pekee. Nikaha ina tendo moja linalobeba siku nzima: walii na bwana harusi wameshikana mikono ya kulia, shekhe anaongoza, bwana harusi anajibu kwamba amekubali kuoa kwa mahari iliyotajwa. Watu wamewazunguka, kanzu zimebanana, na aliye nje ya duara haoni kitu. Mpiga picha lazima awe ameomba ruhusa kwa imamu mapema na kukaa mahali pake kabla watu hawajajaa. Tendo lile si la kurudiwa kwa ajili ya kamera. Upande wa wanawake, kwenye singo, usiku wa hina na pale bwana harusi anapoingia kumpa mkono mkewe, tafuteni mpiga picha mwanamke. Wanawake tuliomo katika kazi hii tupo, na mashangazi wanacheza kwa raha wakijua aliyeshika kamera ni mwenzao. Makanisani pia kila paroko ana utaratibu wake wa flashi na wa kusogelea altare. Ulizeni mkiwa kwenye mafundisho ya ndoa, msingoje siku ya misa.

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, wapiga picha wa Dar wanafika hapa kwa chini ya saa mbili. Ni jambo jema, kwani ushindani unatukumbusha wajibu. Ila kama harusi ni Mgeta au Matombo, treni inamwacha mjini. Njia ya mlimani wakati wa mvua inataka gari linalofaa, na mara nyingi inataka kulala. Nauli, chakula na malazi viandikwe, pamoja na watu watakaokuja naye.

Sasa fedha. Kila anayepanga harusi anajua kwamba mwisho wa yote kuna siku ya kuvunja kamati: watu wanakula, wanashukuriana, mhazini anasoma mahesabu, kila mtu anakwenda kwake. Kama salio la mpiga picha halijalipwa siku hiyo, deni limebaki halina mwenyewe. Mwenyekiti anasema kamati imevunjwa, maharusi wanasema hilo lilikuwa la kamati, na picha zinakaa kwenye kompyuta ya fundi mwaka mzima. Upande wa pili wapo wenzangu waliopokea fedha zote mapema na kuanza kuikwepa simu. Dawa ni moja kwa pande zote: mkataba wa karatasi, hata ukurasa mmoja, uliosainiwa na maharusi wenyewe. Uandikwe kianzio ni kiasi gani, salio linalipwa lini, picha zinatoka tarehe ipi na video tarehe ipi, albamu ni ngapi, na fundi akiugua nani anamshikia. Fundi anayekataa kuandika tarehe, msimpe kianzio.

Muulizeni anavyotunza picha. Kamera nyingi za kazi zina nafasi ya kadi mbili na huandika picha ileile kwenye zote; ahakikishe anaitumia nafasi hiyo. Baada ya harusi, nakala zikae zaidi ya mahali pamoja, na moja iwe nje ya studio. Mkipokea zenu, msizihamishe kwa WhatsApp kama picha za kawaida, maana hupunguzwa ukubwa, na siku ya kuzichapisha zitatoka zimefifia. Tumieni njia ya kutuma kama waraka, au nakilini kwenye diski ya nje. Flashi diski peke yake si ghala. Kisha chapisheni. Bibi wa Kinole hana simu ya kufungulia kiungo, lakini picha iliyo kwenye fremu ataiona kila asubuhi. Mteremko wa mashariki wa Uluguru una mvua karibu mwaka mzima, na ukungu hula albamu kama unavyokula lenzi zetu; mwambieni bibi aiweke mbali na ukuta wenye unyevu.

La mwisho ni mitandao. Mpiga picha hupenda kuirusha kazi yake, nami hurusha yangu, kwa ridhaa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake. Andikeni kwenye mkataba zipi zinaruhusiwa kutoka na zipi haziruhusiwi. Picha za kichen pati, za singo na za watoto wadogo zisitoke bila nyie kukubali.

Ninyi mnaoanza vikao sasa, nawaomba jambo moja. Mpiga picha asiwe wa mwisho kwenye bajeti, baada ya mapambo na muziki, kwa kile kilichobaki. Mwiteni mapema, aketi na wazazi wenu, asikie habari za ukoo wa mama na wa baba, ajue nani anatoka wapi na nani afya yake si nzuri. Akichoka kusikiliza habari za wazee wenu kwenye kikao, mwacheni aende na mtafute mwingine.