Karata, mbegu za mahindi na feza ya unga

Wale wa kambini mumeniona na karata mfukoni, na wengine mumenicheka: mwandishi wa habari sasa amekuwa mcheza kamari? Niwaeleze.

Miezi michache iliyopita kijana mmoja muhami kutoka Djugu alinifuata hapa Bunia, mbele ya redio. Mama yake alikuwa amepokea feza ya msaada, akamtuma kununua unga na mafuta. Feza ile iliishia kwenye simu, katika mchezo wa blackjack, yaani ishirini na moja. Akaniambia: «Yaya, wanasema kuko jedwali ya kukariri. Mwenye kuijua anashinda. Unisaidie nirudishe feza ya mama.»

Nilitaka kumkemea, lakini makemeo alikuwa ameisha kuyasikia nyumbani. Nikamwambia tutaikariri wote wawili, kwa mbegu za mahindi, bila hata franka moja.

Jedwali hiyo ipo kweli. Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, waliitangaza baada ya kupiga hesabu kwa mashine za mezani, kabla kompyuta haijafika mikononi mwa watu. Inakuambia, kwa kila karata ulizonazo na ile moja ya mgawaji inayoonekana, uongeze karata au usimame.

Tulianza na kidogo. Kila jioni dakika kumi na tano: karata mbili zangu, moja ya mgawaji, jibu kwa sauti, kisha tunaangalia karatasi. Tulipokosea, tuliweka karata zile pembeni na kuzirudia mwishoni. Ndivyo ninavyojifunza majina magumu kabla ya kusoma habari. Mambo mengine yanaingia haraka: asi mbili unazitenganisha, nane mbili vilevile, kumi mbili huzigusi. Ukiwa na 12 na mgawaji anaonyesha 4, 5 au 6, unasimama. Akionyesha 2 au 3, unaongeza. Hapo ndipo mimi nilikwama wiki nzima.

Kijana alikwama kwa 16 mbele ya kumi. Jedwali inasema ongeza. Yeye mkono ulikataa, na namuelewa: katika aina 13 za karata, 8 zinakuvunja palepale. Lakini ukisimama, mgawaji mwenye kumi havunjiki mara nyingi, kwa hiyo utapoteza zaidi. Yaani pale hakuna jibu zuri. Kuna baya na baya kidogo. Alikaa kimya, kisha akauliza: «Sasa wao walikaa na mashine zao wakapata hiyo tu?»

Baada ya wiki nne alikuwa hakosei tena. Jioni moja alinishinda mbegu arobaini. Macho yaling'aa, na mimi nikaogopa, kwa sababu nilijua anazihesabu kama franka. Jioni mbili zilizofuata mbegu zote zilirudi kwangu, mimi mgawaji. Akachukua karatasi, akaipitia mstari kwa mstari akitafuta kosa lake. «Sikukosea hata mara moja, Yaya.» Ni kweli, hakukosea.

Nikamuonyesha kwa nini. Mchezaji anacheza wa kwanza. Akipita 21, mbegu yake imekwenda, hata kama mgawaji naye angevunjika baadaye. Kwa sheria nzuri, mwenye kukariri kila kitu bado anapoteza karibu nusu franka kwa kila franka 100 anazoweka. Jioni moja unaweza kushinda, ndiyo, nimekwisha kusema alinishinda. Ila kadiri unavyoendelea ndivyo feza inavyoelekea kwa mgawaji. Na ile feza ya mama haikwenda franka mia mia. Aliweka nyingi, akapoteza, akaweka mara mbili ili arudishe, akapoteza tena. Kwa mchezo wa namna hiyo hakuna jedwali, na kwenye simu hakuna hata mtu wa kumtazama usoni ili umwambie basi, naenda nyumbani.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza bei ya kubeba mifuko sokoni.

Mama yake alikuwa akidhani feza imeibiwa njiani, na kijana alikuwa amemuacha adhani hivyo. Alimwambia mwenyewe siku ya Jumapili. Sikuwepo. Najua tu kwamba kwa siku kadhaa hakuongeleshwa, na kwamba sasa analipa kidogo kidogo kila Jumamosi. Deni halijaisha.

Jioni nyingine bado anapita na mbegu zake. Juzi nilikuwa na 12, yeye anaonyesha 2, nikasimama. Akanitazama kama mwalimu.

«Ongeza, Yaya.»

Nikaongeza, ikatoka kumi.