Siku Baba Alipopanga Mstari

Nataka kuwaeleza habari ya siku niliyomwona baba yangu akipiga kura. Si watoto wengi wawezao kusema hivyo, maana kura ni siri. Lakini ile haikuwa kura ya sanduku.

Ilikuwa tarehe 4 Septemba, 2020. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, nami nilikuwa nyumbani nikipalilia kahawa. Hapa Uganda chama kinachotawala, NRM, huchagua kwanza watu wake watakaosimama, na ashindaye hupewa bendera ya chama. Siku ile wanachama wa kila kijiji walitakiwa kupanga mstari nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mtu wamtakaye, kisha wakahesabiwa. Walioutetea mstari walisema hauna gharama ya karatasi, na kila mtu hujionea kwa macho yake. Hayo macho ndiyo yaliyotupata sisi.

Miongoni mwa waliotaka ubunge alikuwamo baba mdogo, aliyezaliwa tumbo moja na baba yangu. Picha ya tajiri mmoja aliyeshindana naye ilishikwa na mnunuzi wa kahawa wa kijijini petu. Naye huyo mnunuzi ndiye aliyetukopesha karo yangu, na deni lilikuwa bado.

Baba alisimama kando muda mrefu akiivuta vuta barakoa yake. Mnunuzi hakumwita wala hakumtisha. Alishika picha tu, akamtazama. Baba mdogo pia alikuwapo, akitazama. Mwishowe baba akaenda kwa mnunuzi. Mhesabuji alipomfikia akasema, "41," akapita. Mimi nilirudi shambani kabla ya kusikia jumla.

Baba mdogo alishindwa, akaamua kusimama bila chama, kama wafanyavyo wengi wakikosa bendera. Nao si mchezo: katika bunge lililochaguliwa mwaka 2021 wabunge wasio na chama walizidi 70. Baba mdogo hakuwa mmoja wao.

Hapa shuleni tuliwahi kufanya mdahalo juu ya jambo hili. Nilipewa upande wa kuutetea mstari, nikasema vizuri, tukashinda. Usiku ule sikulala upesi.

Basi, uchaguzi wa taifa ulikuwa tarehe 14 Januari, 2021, kwa karatasi na sanduku. Baba alikwenda asubuhi mapema, peke yake. Matokeo yalipokwisha kutangazwa alinichukua, tukaenda kwa baba mdogo na mkungu wa ndizi. Walizungumza habari za mvua. Kisha baba akasema, "Ndugu yangu, safari hii nilikupa wewe."

Baba mdogo akamwuliza, "Nani aliyeona?"

Baba hakuwa na jibu. Tulikunywa chai, tukaaga. Deni la karo tulimaliza kulipa mwaka 2022.