Mkanda wa Dari

Kazi ya jipsamu nilijifunzia Dar es Salaam, kwa fundi wa Tandika aliyefundisha kwa mikono kuliko kwa mdomo. Niliporudi nyumbani Ifakara, huku bondeni, na mwiko, msumeno na kalibu moja, nyumba nyingi hapa zilikuwa bado bati tupu. Mwenye uwezo alipigilia silingi bodi, akazungushia ubao mwembamba pembeni, akaridhika.

Mikanda ya jipsamu, ile ya kuzungushia ukingo wa dari, nilianza kwa kuiagiza. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara enzi hizo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na mkanda uliopandishwa lorini ukiwa mzima ulishushwa Kibaoni vipande vipande. Nikaona heri ninunue unga nimimine mwenyewe, maana mfuko wa unga unavumilia makorongo ilimradi usilowe. Jipsamu inachimbwa nchini mwetu, Makanya na Itigi, na katani ya kuishikilia inalimwa Morogoro na Tanga. Unapaka kalibu mafuta, unamimina safu nyepesi, unatandaza nyuzi za katani, unamimina tena. Weka kiganja juu baada ya muda: ukisikia joto, ujue unashika. Joto la bondeni linauharakisha mno, kwa hiyo ndimu haikosi kwenye ndoo yangu. Matone machache yanaupunguzia mbio. Ndoo nayo ioshwe kila mara, kwani mabaki ya zamani hugandisha mchanganyiko mpya kabla hujapanda ngazi.

Kuchagua ndiko wateja wanakoteleza. Mwalimu mmoja mstaafu wa Viwanja Sitini aliniita, nikamwamkia, akanionyesha picha ya hoteli kwenye simu.

“Mwanangu, nataka maua kama haya, mazito.”

“Mwalimu, dari ya hoteli ile iko juu sana. Yako ni futi tisa. Maua mazito yataishusha, na moshi wa mkaa utajaa kwenye majani yake.”

Tukakubaliana mkanda wa inchi nne wenye mistari miwili tu. Mpaka leo ndio ninaoupenda kuliko yote niliyowahi kufunga, kwa sababu mwanga wa dirishani unatembea juu ya ile mistari bila kukwama. Maua yana mahali pake, kwenye sebule ndefu yenye dari ya kuanzia futi kumi na moja.

Kufunga kunataka subira. Kwanza uzi wa chaki ukutani, kwa sababu hakuna ukuta wa matofali ya kuchoma ulionyooka kabisa. Kisha nachokoa plasta kwa ncha ya mwiko na kuulowesha ukuta. Ukuta mkavu hunywa maji ya jipsamu kabla haijashika, na mkanda utakuja kuachia. Kona nazikata kwa nyuzi 45, mkanda ukiwa umegeuzwa kwenye sanduku la kukatia, upande wa dari ukilala chini. Anayesahau kuugeuza ataharibu mbao na mikanda siku nzima. Skrubu ziingie kwenye mbao za dari, na ziwe zisizoshika kutu.

Lakini bonde hili lina lake. Mbu wa malaria hupenda kuingia kwa upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Mswisi Rudolf Geigy iliyoanza mwaka 1949, imehangaika na upenyo huo miaka mingi, hata watafiti wake wakajaribu mikanda ya magunia ya katani iliyotiwa dawa ya transfluthrin, inayofungwa kuzunguka paa. Mkanda wangu hauna dawa. Ila dari iliyozibwa pembeni pote, bila ufa wa kupitisha ukucha, inamkatia mbu njia ile, na popo na panya wanabaki huko juu. Chandarua kiendelee kutumika, kwani milango na madirisha bado yapo.

Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018, nafuata kazi hadi Mahenge bila kungoja kivuko cha mtoni, na kila ninapokwenda nakuta sebule imepambwa na vyumba vya nyuma viko wazi. Wewe unayejenga, kama fedha ni ya chumba kimoja tu, anza na kile wanacholala watoto. Sebule itasubiri mavuno yajayo.